Chupa Iliyokuwa na Sauti Nzuri Kuliko Zote

Walimu wa darasa la awali walionipokea kazi wamenipigia simu mara tatu tangu nistaafu. Wanataka niwaandikie namna ya kuchagua vyombo vya muziki kwa watoto wa miaka mitano na sita. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nimeandika nikachana, nikaandika tena nikachana, kwa sababu kila nikifika kwenye vyombo vya kupuliza mkono unakataa. Sasa nimeamua kusimulia yote kama yalivyofuatana, na hilo la kupuliza nitaliweka mahali pake. Mwenye haraka na orodha ya vyombo ataiokota humo humo njiani.

Nilianza kazi Nangwa, binti wa miaka ishirini na mbili, nikiwa na cheti kipya na viatu ambavyo havikufaa kwa vumbi lile. Mwalimu mkuu alinifungulia mlango wa darasa, akasema, "Hawa ni wako," akaenda zake. Sijawahi kuona watoto wengi namna ile chini ya paa moja isipokuwa kanisani, na kanisani angalau mama zao huwa karibu. Wakasimama wote pamoja wakasema, "Shikamoo, mwalimu." Nilishtuka nikarudi nyuma hatua moja. Mimi ni mtu wa kushtuka, mtaliona hilo. Nimefanya kazi miaka yote ile na sikuwahi kuzoea.

Ratiba ilisema kipindi cha tatu ni muziki. Kabatini kulikuwa na ngoma moja kubwa ya gwaride, nikaitoa. Mtoto niliyempa akapotea kabisa nyuma yake, ikabaki miguu tu. Baada ya dakika kumi watoto watatu walikuwa wanalia na mmoja alikuwa amemng'ata mwenzake mkono.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Sesilia, aliyefundisha darasa la kwanza chumba cha pili. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ndogo, anayekaribia kustaafu. Aliingia bila kubisha, akaitazama ngoma, kisha akanitazama mimi.

"Binti, ngoma moja kwa watoto wote hawa ni ugomvi mmoja," akasema. "Itoe nje. Kesho kila mtoto aje na vijiti viwili."

Huo ndio ukawa mwanzo wa elimu yangu; kile cheti kilikuwa karatasi. Vijiti viwili vikavu, vya urefu wa mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidole, vilivyomenywa maganda na kusuguliwa ncha, ni chombo bora kuliko vyote nilivyowahi kushika. Havina foleni, na vikivunjika mti uko nje.

Mengine alinifundisha taratibu kwa miaka minne. Chombo cha kushika unakipima hivi: mtoto akinyooshe mbele huku mkiimba wimbo mzima, na mkono ukishuka kabla wimbo haujaisha, chombo ni kizito. Ngoma isizidi upana wa kifua cha mtoto, na iwambwe kwa ngozi ya mbuzi, maana ngozi ya ng'ombe inadai kiganja cha mtu mzima. Manyanga ya vibuyu au ya makopo yajazwe theluthi tu. Maharage yana sauti ya upole, mahindi yana ukali kidogo, kokoto humfanya mwalimu aombe ruhusa ya kwenda zahanati. Mtoto asiyetulia mfunge njuga miguuni. Ataruka mpaka achoke, na kuruka kwake kutakuwa ni muziki.

Lakini sheria aliyoishika kuliko zote ilikuwa ya mdomo. "Kila utakachompa mtoto huyu kitaingia mdomoni," alisema. "Kwa hiyo kitangulie kwako. Kilambe, kipulize, king'ate. Ukikiogopa wewe, usimpe yeye." Alikuwa anafanya hivyo kweli, mbele ya wageni, bila aibu yoyote. Siku moja alilamba njuga iliyopakwa rangi, akatema, akaenda kuitupa chooni.

Kutoka Nangwa nilihamishiwa Balangdalalu. Watoto wa wafugaji kule walinishangaza. Hawajui kuhesabu hadi kumi, lakini ukiwapa mapigo wanayashika kwa miguu na wanayagawanya kwa namna ambayo mimi, mwalimu wao, nilikuwa naachwa nyuma. Huko ndiko wafadhili walipotuletea kinanda cha umeme. Shule haikuwa na umeme. Kilikaa ofisini kikiwa kimefunikwa kitambaa kilichofumwa vizuri, na kila mgeni alikisifu kitambaa.

Wafadhili haohao walileta filimbi kumi na mbili za plastiki. Nikazigawa kwa zamu, mtoto apulize ampe mwenzake. Wiki ileile darasa zima likawa na mafua, na wiki iliyofuata mafua yakahamia kwa wadogo zao nyumbani. Mama mmoja alikuja akaniuliza kwa heshima zote kama nilikuwa nafundisha muziki au kukohoa. Tangu hapo nikaweka sheria yangu ya kwanza mwenyewe: chombo cha kupuliza ni mdomo mmoja, chombo kimoja. Ni sheria nzuri, ishikeni. Ndiyo iliyonifikisha kwenye chupa.

Nilipohamia upande wa Mbulu, shule niliyopewa ilikuwa Maretadu. Darasa la awali lilikuwa limekaa miaka miwili bila mwalimu wake; watoto walikuwa wanaletwa, wanakaa chini ya mlingoti wa bendera, wanarudi nyumbani. Wazazi walinipokea kwa mahindi na maharage hata nikaona haya. Nilitaka kuwalipa kwa kazi, nikaanzisha kundi la chupa.

Ni kitu rahisi. Unapuliza kwa pembeni juu ya mdomo wa chupa nayo inatoa sauti. Ukitia maji sauti inapanda, ukipunguza inashuka. Chupa nane, watoto wanane, kila mmoja na sauti yake, na wimbo wa watoto unatoka mzima. Kila mtoto alileta chupa kutoka nyumbani kwao. Mimi niliziosha kwa mchanga na sabuni, nikazichemsha kwenye sufuria la uji, kisha nikapuliza kila moja na kunywa maji yaliyomo, kama nilivyofundishwa. Miaka miwili nilifanya hivyo bila kuruka hata chupa moja. Siku ya wazazi watu walipiga makofi wakiwa wamesimama, mwalimu mkuu akaniita fundi. Nikavimba kichwa.

Mwaka wa tatu, siku mbili kabla ya siku ya wazazi, chupa ya nne ilianguka ikavunjika. Ilikuwa chupa ndogo ya kahawia, ile ya dawa ya kikohozi. Bila ya nne wimbo unakuwa na pengo, kama mtu anayecheka bila jino la mbele. Niliwatangazia watoto: anayo nani chupa ndogo ya kahawia? Kesho yake asubuhi Martina akaja nayo.

Martina alikuwa na miaka sita. Mtoto mwembamba, msemaji sana, mzaliwa wa kwanza, wa familia yenye shamba la mahindi na ng'ombe watatu. Alikuwa ameificha chupa ndani ya sweta ili wenzake wasiwahi kuiona. Haikuwa na karatasi ya maandishi. Wageni walikuwa wanakuja kesho. Niliisuuza kwa maji baridi mara mbili, nikatia maji hadi nusu, nayo maji yakawa na weupe kidogo, kama ya kusuuzia kikombe cha maziwa. Nikanusa.

Mimi nimezaliwa kwenye boma la ng'ombe. Harufu ya dawa ya kupe naijua tangu sijajua kuvaa viatu. Niliisikia, nikakunja uso, nikaiweka chupa mezani. Halafu nikajiambia kwamba labda ni mikono ya mtoto, labda jana walinyunyizia ng'ombe naye alikuwa anashika kamba. Nilijiambia hivyo kwa sababu nilikuwa nataka sauti ya nne. Sikuitia mdomoni mwangu, kwa kuwa ilinuka. Nikamwaga yale maji, nikatia mengine, nikampa Martina nikamwambia, "Hebu puliza."

Ilitoka sauti ambayo sijaisikia kwenye chupa nyingine yoyote, safi na ya duara. Watoto wengine waliacha kupuliza wakamtazama. Nilifurahi hata nikampigia makofi.

Tulifanya mazoezi nje, juani, mpaka saa ya mapumziko. Watoto wakiona kiu hunywa maji ya chupa zao. Nilikuwa najua hivyo, nilikuwa nawajazia kila mara. Baada ya mapumziko mtoto mmoja akanivuta sketi. "Mwalimu, Martina anatoa mate."

Alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta. Mate yalikuwa yanamtoka mfululizo mpaka kifua cha sare kimelowa, na alikuwa anatokwa jasho kama mtu aliyekimbia. Nikadhani ni degedege. Nikamshika kichwa nikatazama macho, na mboni zake zilikuwa zimesinyaa zikawa ndogo kama punje ya ulezi. Akatapika mkononi kwangu. Kilichotoka kilinuka josho la ng'ombe. Nilishtuka. Kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani sikuweza kusogea.

Mwalimu mkuu alitubeba kwa pikipiki yake, Martina katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na ile chupa ikiwa mfukoni kwangu. Mwili wake ulikuwa unatetemeka na mimi natetemeka, kiasi kwamba sikuweza kujua ni nani anayeacha kutetemeka kwanza, na hilo ndilo nililoliogopa njia nzima. Hospitalini daktari aliuliza swali moja tu, "Amekunywa nini?"

Nikatoa chupa. "Dawa ya kupe."

Aliinusa, akamwita muuguzi kwa jina, wakamchukua. Walimchoma sindano, wakasubiri, wakachoma tena. Niliambiwa nikae nje. Nilikaa kwenye benchi nikiwa na matapishi ya mtoto wa watu kwenye mikono, sikunawa. Niliona kwamba nikinawa atakufa. Jioni daktari alitoka akasema mate yamekauka na anapumua vizuri. Akaongeza, "Ungeniambia degedege, ningetibu degedege, na sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Baba yake alifika wakati huo, na mama yake nyuma amembeba mdogo mgongoni. Walikuwa wametoka shambani, udongo bado uko kwenye buti. Daktari akainua chupa akauliza ni ya nani.

"Ni yangu," Baba Martina akasema. Alieleza taratibu, macho chini. Mtu mwenye ng'ombe watatu hawezi kununua dawa ya lita nzima. Anakwenda dukani Dongobesh, anapimiwa kidogo, na muuzaji humwekea kwenye chupa yoyote iliyopo. Ya kikohozi ndiyo huwa ipo. Ikiisha, chupa inawekwa dirishani mpaka safari nyingine. Kila nyumba huku inafanya hivyo.

Daktari akanigeukia. "Na wewe mwalimu, hukusikia harufu?"

"Sikusikia," nikasema.

Lilitoka lenyewe, laini, kama ninavyojibu marahaba. Nilijisikia nikilisema, nikashtuka, nikangoja nijisahihishe. Sikujisahihisha.

Martina alikaa wodini siku tatu akarudi nyumbani mzima. Wiki iliyofuata kukawa na mkutano wa wazazi. Afisa mtendaji alisema kwa ukali kuhusu watu wanaoacha sumu dirishani, na Baba Martina akasimama mbele ya watu wote, kofia mkononi, akaomba msamaha. Aliniomba na mimi, kwa jina. "Mwalimu, nisamehe kwa kukuletea balaa darasani." Watu wakanipa pole. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele, cha walimu, na nikaitikia kwa kichwa. Nikitazama nyuma, katika yote niliyoyafanya kazini, hicho kichwa nilichokitikisa ndicho kinachonitisha zaidi.

Nilifanya nilichoweza pembeni, kama mtu anayefagia uwanja ilhali nyumba inawaka. Nilikwenda Dongobesh kwa Mzee Hamisi, mwenye duka la pembejeo, mtu mpole ambaye baba yake pia aliuza dukani hapo. Nilimweleza yaliyotokea. Alishika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, mimi nina wajukuu," akasema. "Na hizo chupa za kikohozi nyingine ni za kwao."

Tangu siku ile hakumpimia mtu dawa kwenye chupa ya kinywaji wala ya dawa ya binadamu. Alileta vidumu vyekundu, akavichora alama ya fuvu mwenyewe kwa mkaa, vibaya, lakini ilieleweka. Shuleni nilizika chupa zote. Mpaka nastaafu nilifundisha kwa vijiti, ngoma za ngozi ya mbuzi, njuga na manyanga, na manyanga nilijaza maharage ya kula, ya kutoka jikoni kwangu, kamwe sio mbegu ya dukani ile yenye rangi, kwa kuwa ile rangi ni dawa ya kuulia wadudu. Hilo liandikeni ukutani.

Martina aliendelea mpaka darasa la saba, sasa yuko sekondari, bweni. Wadogo zake watatu walipita mikononi kwangu mmoja baada ya mwingine. Kila mwaka mama yao alimleta mtoto hadi mlangoni, akanisalimu vizuri, akaondoka. Kila mwaka nilijiambia nitasema.

Nilistaafu nikarudi Nangwa. Ndipo zikaja simu zenu. Nikaandika vijiti, nikaandika ngoma, nikafika kwenye vya kupuliza, nikaona siwezi kuwafundisha nyie sheria ya Mwalimu Sesilia kabla ya kusema nani aliivunja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunawaambia watoto. Mimi guu halikuvunjika langu. Mwezi uliopita nilipanda basi mpaka Dongobesh, nikachukua bodaboda mpaka Maretadu.

Niliwakuta nyumbani wote wawili wanapukuchua mahindi. Waliniamkia, wakanipa kiti, wakanipa chai. Sikuigusa ile chai. Nikasema kila kitu kama nilivyoandika hapa: weupe wa maji, harufu, uso nilioukunja, neno nililomjibu daktari. Nilisema nikiwa natazama mahindi.

Baba Martina alipukuchua gunzi lake hadi likaisha. "Tulijua, Mwalimu," akasema.

Nikamtazama.

"Martina alituambia palepale wodini. Alisema, mwalimu alinusa, akakunja uso, akaweka mezani, halafu akanipa. Mtoto yule haachi kitu kwenye habari yake."

Miaka yote hiyo. Nikamuuliza kwa nini basi alisimama kwenye mkutano ule, na kofia mkononi, kuomba msamaha wangu mimi.

"Ungeondolewa," akasema. "Na mimi nilikuwa na watatu wengine nyumbani. Darasa lile lilishakaa miaka miwili bila mwalimu, umesahau? Nilisema, huyu amekosea, lakini watoto wanajua kusoma. Na chupa ilikuwa yangu kweli, sikudanganya."

Nililia, mtu mzima, mbele ya watu niliowazidi umri, na yeye akageuza uso ili anistahi. Mama Martina hakugeuza. Alikuwa hajasema neno tangu nianze.

"Baba Martina aliamua hivyo, nami nikanyamaza," akasema sasa, kwa sauti ya kawaida kabisa, mikono yake ikiendelea na mahindi. "Lakini kila mmoja niliyekuletea, Mwalimu, tulipofika pale kwenye uzio nilimwinamia nikamwambia: msikilize mwalimu, mwamkie mwalimu, fanya kila analosema. Ila usitie mdomoni kitu chochote atakachokupa."

Watatu wale niliwafundisha jumla ya miaka sita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupokea kikombe cha uji kutoka mkononi kwangu, hata siku za baridi wenzao wakigombania. Niliwabembeleza, nikashindwa, na kwenye ripoti zao, zote tatu, niliandika kwamba ni mtoto mwenye haya.